Siku sita Eyasi: moto, kamba na mizizi

Jumapili, njiani

Nimeondoka Babati alfajiri na basi la Arusha, nikashuka Makuyuni, nikapata kosta ya Karatu kupitia Mto wa Mbu. Begini nina blanketi, kisu, sufuria ndogo na daftari hili. Kwenye kiroba nimebeba unga kilo kumi, chumvi, na kilo mbili za misumari ya inchi sita. Misumari ni ushauri wa kijana wa Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, atakayenipeleka kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, asali na mizizi. Aliniambia kwenye simu, "Dada, usilete pombe wala pipi. Leta misumari, wanatengenezea vichwa vya mishale."

Sababu ya safari ni hii. Aprili mwaka jana niliwapandisha skauti wangu 22 kwenye msitu wa mlima Kwaraa, pale juu ya Babati, tukalale usiku mmoja. Saa kumi jioni mvua ikatukuta. Ilipokatika, viberiti vyote vilikuwa uji. Kuni zilituzunguka kila upande, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua afanyeje bila kiberiti. Tulilala tumebanana chini ya turubai moja mpaka kukakucha. Kuna binti wa darasa la sita niliyempakata usiku kucha, nikisikia meno yake yanagongana.

Marehemu bibi yangu alizaliwa chini ya mlima huo huo. Alikuwa akitusimulia jinsi baba yake alivyopekecha moto shambani, na sisi wajukuu tulisikiliza kama tunavyosikiliza hadithi za sungura. Hakuna aliyemwambia, "Bibi, tuonyeshe." Kiswahili cha wazee kinalo hata jina la kile kijiti kinachozungushwa, ulindi. Neno limebaki kwenye kamusi, kijiti hatunacho.

Baada ya usiku ule nilijaribu nyuma ya nyumba kwa miezi miwili, nikifuata video. Nilipata moshi tu. Ndipo nikaamua kwenda kwa Wahadzabe, watu ambao kwao kupekecha moto ni kazi ya kila siku.

Karatu nimefika saa tano. Kutoka hapo hadi Mang'ola ni vumbi na mawe, gari linateremka, joto linapanda. Nyanda za juu zenye ngano na baridi zinaisha ghafla, unaanza kuona mibuyu, na mbele yake ziwa Eyasi limelala jeupe kwa magadi. Bondeni harufu ni ya vitunguu. Mang'ola ni nchi ya vitunguu, magunia yamepangwa barabarani kama ukuta. Nimelala kwa shemeji yake yule kijana.

Jumatatu, siku ya kwanza

Tumelipa ada ya wageni ofisini, tukatembea karibu saa mbili. Wageni wengi huja alfajiri, wanafuata wawindaji kwa saa chache, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi niliomba mapema nikae siku sita, nilale pale pale, nifundishwe. Yule kijana alinipelekea ombi, na jibu likarudi: aje, lakini asikae tu.

Kambi iko kwenye mwamba mkubwa uliochomoza kutoka ardhini, vibanda vinne vya nyasi vilivyojengwa kwa fito zilizopindwa. Vibanda vyenyewe hujengwa na wanawake, na nimeambiwa kimoja humalizika kabla jua halijawa kali. Wanaume walikuwa wanakaa upande wao, wanawake upande wao chini ya mbuyu. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba," kisha akaniambia la kwao ni "mtana". Nikasema mtana, watoto wakacheka kwa furaha na kunirekebisha mara tatu. Kwa wao kwa wao wanaongea Kihadza, lugha yenye milio ya ulimi, ambayo wataalamu hawajaona undugu wake na lugha nyingine yoyote. Kwangu waliongea Kiswahili kizuri kabisa.

Mzee hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema, "Mwalimu, lete mikono." Akaipapasa viganja, akasema, "Laini. Tutaona."

Kisha akatoa vitu vyake kwenye podo, humo humo mnamokaa mishale. Kijiti kimoja kirefu kama mkono wangu kutoka begani hadi kifundo, kimenyooka, unene wa kidole kidogo. Kipande cha pili ni kifupi na bapa, chepesi, kina matundu meusi matano yaliyokwisha kutumika. Aliweka kisu chini, ubapa juu, akakilaza kipande kile juu ya kisu, akakikanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Akasimamisha kijiti kwenye tundu jipya alilolichimba kidogo, lenye mkato mdogo ubavuni. Akatema mate viganjani. Akaanza.

Nilihesabu pumzi zangu. Sikufika arobaini. Moshi ulianza mwembamba, ukawa mzito, unga mweusi ukamwagika kupitia ule mkato juu ya kisu. Aliacha kuzungusha, moshi ukaendelea wenyewe. Akaigonga pembe ya kipande, akainua kisu, na katikati ya unga kulikuwa na nukta nyekundu ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaimimina kwenye fungu la nyasi kavu na nyuzi za magamba ya mti zilizosuguliwa hadi zikawa kama pamba. Akapuliza polepole. Moto.

Akanipa kijiti. Nikazungusha mpaka jasho likanidondoka kwenye macho. Unga wangu ulitoka wa kahawia. Mzee akaushika, akaunusa, akaumwaga. "Huu bado mti," akasema. "Ukiwa mweusi ndiyo moto."

Jumanne, siku ya pili

Leo nimekuwa na akina mama kutwa nzima, na mpaka sasa sijui kama kuna kitu nilichowahi kufundishwa kwa utulivu kama huu.

Kwanza, mti wa kuchimbia. Bibi mmoja, mwembamba, mishipa ya mikono imesimama kama kamba, alinikatia wa kwangu. Urefu wake ni karibu na mimi mwenyewe. Aliuchonga ncha kwa kisu upande mmoja tu, kama patasi, akaupitisha kwenye moto akiugeuza geuza mpaka ncha ikageuka rangi ya kahawa. Akauchonga tena kidogo, akaupitisha tena. Ncha iliyopita motoni inakuwa ngumu na haichubuki haraka kwenye mawe. Ikichakaa, unachonga upya pale pale ulipo, kwa hiyo mti unafupika siku hadi siku. Wa bibi ulikuwa umebaki nusu.

Tuliondoka wanawake sita, watoto na kichanga kimoja mgongoni. Tulikuwa tunautafuta mzizi ambao jina lake huanza na mlio wa ulimi usioandikika kwa herufi zetu, mimi nauandika ekwa. Mmea wenyewe ni ndugu wa kunde, na ukiutazama vizuri unaona: mtambaa mwembamba, majani matatu matatu, umejisokota kwenye kichaka chenye miiba. Mimi nilipita mitambaa kama kumi bila kuiona. Bibi aliona kutoka mbali, akaenda, akapiga magoti, akaanza kugonga ardhi kwa upande butu wa mti wake. Anagonga, anasikiliza, anasogea nusu hatua, anagonga. Akaniita. "Sikia hapa. Sasa sikia hapa." Mara ya kwanza nilisikia udongo tu. Mara ya nne au ya tano nikaanza kusikia kwamba sehemu moja sauti inajaa na nyingine inakwenda chini. "Kuna jiwe hapo," akasema, "na yeye yuko chini ya jiwe. Wanapenda mawe."

Kuchimba ni kazi ya kukaa chini. Miguu umeinyoosha pande mbili za shimo, unachoma kwa mti, unazoa udongo kwa mkono wa kushoto. Ukifika kwenye jiwe, mti unageuka kuwa wenzo. Usilivute jiwe juu ya mzizi, unaupasua, bali ulisukume upande. Nilichukua karibu saa nzima kutoa mizizi miwili mirefu kama mkono, iliyopindapinda. Bibi kwa muda huo alikuwa na mirundo miwili.

Walikoka moto kwa kaa walilolibeba toka kambini ndani ya kipande cha mti unaoungua polepole. Wanawake hawakupekecha, kwa sababu wanatembea na moto wao tayari. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa kwa ajili ya skauti wangu: BEBA KAA. Mizizi ilikaa motoni dakika chache tu, kiasi cha ganda kulegea. Unamenya kwa meno, unatafuna, unafyonza maji yake matamu kidogo, halafu unatema nyuzi. Kwenye kiu ya saa saba mchana kule bondeni, maji hayo yana maana kubwa.

Mama wa kichanga hakuchimba sana, alikuwa ananyonyesha. Mtoto wake mwingine, wa miaka kama minne, alikula mizizi ya bibi. Hakuomba. Alikuwa anasimama pembeni ya bibi na mzizi unaingia mkononi mwake. Nilikuwa nimesoma kuhusu Kristen Hawkes na wenzake wawili, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliofanya utafiti kwa Wahadzabe tangu miaka ya 1980. Walikuta kwamba bibi hawa wachimbaji ndio wanaowatunza wajukuu wakati mama ana kichanga, na wakajenga hoja kwamba huenda ndiyo sababu binadamu wa kike huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Nilipoisoma ilikuwa hoja. Leo imekaa mbele yangu inafuta udongo magotini.

Jioni nimejaribu tena moto. Unga wa kahawia. Malengelenge mawili mkono wa kulia, moja kushoto.

Jumatano, siku ya tatu

Mikono haifai leo. Mzee amenikataza kushika kijiti, amesema ngozi ikichubuka ikiwa mbichi nitaharibu juma zima.

Kwa hiyo nimesokota kamba na binti mmoja wa miaka kama kumi na sita. Hapa mkonge mwitu umejaa chini ya vichaka, ule wenye majani mazito yaliyosimama kama mapanga. Wamaasai wanauita oldupai, na lile bonde maarufu kule Ngorongoro, ambalo ramani za zamani ziliandika Olduvai, limepata jina lake kwenye mmea huu. Unakata jani, unalilaza kwenye gogo, unalikwangua kwa mgongo wa kisu kuanzia katikati kwenda nje. Nyama ya kijani inatoka, zinabaki nyuzi nyeupe. Ukikwangua kwa makali unazikata, na mimi nilizikata za jani la kwanza lote.

Kusokota kwenyewe: mafungu mawili ya nyuzi, kila moja kwenye paja, kiganja kinayasukuma yote mawili kwenda mbele hadi yakaze. Kisha unayakutanisha na kiganja kinarudi nyuma, yanajifunga yenyewe, moja likimzunguka mwenzake. Kamba haifunguki kwa sababu kila fungu linataka kujifungua upande mmoja, na yakiwa pamoja yanataka kujifungua upande mwingine. Yanazuiana. Kuongeza urefu, unaingiza nyuzi mpya kabla za zamani hazijaisha, na fungu moja lisiishie pale pale mwenzake anapoishia. Nimetengeneza mita tatu. Tumeifunga kwenye tawi, mimi na binti tumening'inia wote wawili, imetubeba.

Wanaume wamecheza lukuchuko, mchezo wao wa kamari, mchana kutwa, vipande vya magamba ya mti vinavyorushwa kwenye shina, na mishale ikabadilisha wenyewe mara nyingi.

Alhamisi, siku ya nne

Asali.

Tulitoka kabla ya jua, mimi, mzee, vijana wawili na mtoto mwanamume wa miaka tisa hivi. Kuwinda mimi sikuwinda wala sikugusa upinde, sina kibali na sikuja kwa ajili hiyo. Vijana walikuwa na mishale ya aina mbalimbali: ya ndege ni ya mti mtupu iliyochongwa ncha, ya wanyama ina chuma. Ile yenye sumu imeviringishwa kipande cha ngozi laini kichwani ili isimguse mtu, na sumu isikauke. Mzee alinionyesha mti mmoja inakotoka sumu, mfupi, shina nene kama chupa, maua ya waridi mazuri ajabu. Ni mti ule ule watu wanaoupanda kwenye vyungu mijini. Utomvu wake unasimamisha moyo. Nimeandika: skauti wasiuvunje wala wasitumie tawi lake kuchomea nyama.

Karibu saa mbili asubuhi kijana mmoja alianza kupiga mluzi, mrefu, wenye kupanda na kushuka kama wimbo. Akanyamaza. Akapiga tena. Kutoka kwenye mgunga ikajibu sauti ya kupayuka, kama mtu anatikisa kiberiti kilichojaa njiti. Mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Ndege wa kijivu usiyemgeukia mara mbili, ila anaruka mti hadi mti na kufunua manyoya meupe ya mkiani, anakusubiri, anapayuka, anaruka tena. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa sauti tofauti kabisa, ya kutikisa ulimi. Watafiti walizijaribu sauti zote mbili huku na kule, wakatoa matokeo mwaka 2023: mlembe wa Eyasi anaitikia zaidi mluzi wa Kihadza, wa Niassa anaitikia zaidi sauti ya Kiyao. Kila ndege amejifunza lugha ya majirani zake.

Tulimfuata kama nusu saa. Aliponyamaza, vijana walisimama pia, wakatazama juu. Mbuyu. Nyuki wakiingia na kutoka kwenye ufa, juu sana, mara nne ya urefu wa nyumba yangu.

Hapa nilikaa kimya nikitazama mikono. Kijana alikata vijiti vinene, akavichonga ncha, akakipigilia cha kwanza kwenye mbuyu kwa kichwa cha shoka. Mti wa mbuyu ni laini, kigingi kinaingia. Akapanda juu yake, akapigilia cha pili juu ya kichwa chake. Hivyo hivyo mpaka juu, amekumbatia mti kwa mkono mmoja, vigingi vingine amevibana kiunoni. Chini, mzee alipekecha moto kwa ajili ya moshi. Kitita cha majani kikafungwa, kikawashwa kidogo, kikapandishwa. Moshi ukaingia kwenye ufa, nyuki wakatulia kidogo, si wote. Kijana aliumwa wazi wazi, hakusema neno. Masega yakaanza kudondoka.

Tulikula asali ikiwa na joto la mti, pamoja na masega yenye majana meupe ndani yake. Majana yana ladha ya maziwa na njugu. Zilizobaki zikafungwa kupelekwa kambini.

Nilimuuliza mzee habari ya fungu la ndege. Kwetu tuliambiwa usipomwachia mlembe nta yake, safari nyingine atakupeleka kwa chui. Mzee alikusanya masega matupu, akayatupia motoni yote. Nilishtuka, akaniona. "Akishiba atalala," alisema. "Kesho nani atatuita?" Vipande vidogo vilivyoruka pembeni, hivyo ndege atapata. Nimelifikiria jibu hilo njia nzima, na bado sijaamua ni lipi linanipendeza zaidi, la kwetu au la kwake. Ila la kwake limetoka kwa mtu aliyefanya kazi na ndege huyo maisha yake yote.

Ijumaa, siku ya tano

Asubuhi tumekwenda kwa mfua chuma Mdatoga, wa jamii ya wafugaji, mwendo wa saa moja na nusu. Mivukuto yake ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kijana anaipuliza kwa zamu kulia na kushoto ili upepo usikatike. Mfua chuma anayeyusha makufuli mabovu na vipande vya shaba kufanya bangili. Vichwa vya mishale vinatoka kwenye misumari kama ile niliyoleta, na mara nyingine Wahadzabe wenyewe huigonga bila moto, jiwe chini, nyundo juu. Wakibadilishana na Wadatoga, wanatoa asali. Urafiki huu ni wa zamani na pia una machungu yake, kwa sababu mifugo inahitaji majani na maji, na majani hayo ndiyo makao ya mizizi.

Wakati wa kurudi bibi alikuja kutulaki, akatupitisha njia nyingine makusudi. Tulitokea kwenye ukingo wa shamba la vitunguu, mistari ya kijani, mashine ya kuvuta maji inanguruma. Akaonyesha kwa mti wake wa kuchimbia. "Hapa nilichimba na mama yangu. Ekwa walikuwa hapa mpaka kwenye ule mti." Akagonga ardhi ukingoni, mara mbili, kama alivyonifundisha. Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Wenzao wa bonde la Yaeda Chini, upande wa Mbulu, walipata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011. Zilitolewa na serikali baada ya kupigania kwa miaka, na msitu wao bado umesimama. Huku Mang'ola kambi zimebaki katikati ya mashamba na malisho. Mimi ni mwalimu, natoka kwenye watu wanaolima, na vitunguu hivyo nanunua sokoni. Ila mtu akiniambia kwamba ujuzi huu unapotea kwa sababu vijana ni wavivu wa kujifunza, nitamleta kwenye ukingo wa shamba lile. Binti wa miaka kumi na sita anajua kila kitu anachojua bibi yake. Kinachopungua ni mahali pa kugonga.

Jioni tulichota maji korongoni. Mto umekauka juu, unachimba mchanga kwenye kona ya nje ya mpindo, panapobaki unyevu, kina cha mkono mzima. Maji ya kwanza ni tope, unayatoa, unasubiri, yanajaa meupe. Mimi yangu nimechemsha.

Halafu moto. Ngozi ya viganja imeanza kuwa ngumu. Mzee alinitazama nikizungusha raundi tatu, kisha akanisimamisha. "Nguvu unazo. Shida yako iko hapa." Akagusa chini ya kijiti. Unapozungusha unasukuma chini, kwa hiyo mikono inateremka, na ikifika chini lazima uirudishe juu. Ule muda wa kuirudisha, kwangu, ulikuwa mrefu kama kumeza mate mara mbili. Tundu lilikuwa linapoa kila mara. Miezi miwili nyuma ya nyumba, shida ilikuwa pale pale, na hakuna video iliyoniambia, kwa sababu kwenye video mikono ya mtu haionekani ikirudi.

Akamwita yule mtoto wa miaka tisa. Mtoto akapiga magoti mbele yangu. Mikono yangu ilipofika chini, yake ilikuwa tayari juu inazungusha. Yake ilipofika chini, yangu iko juu. Hatukupumzisha kijiti hata kidogo. Mzee alitia punje chache za mchanga tunduni. Moshi. Unga ukaanza kahawia, ukaenda kwenye kahawa, ukawa mweusi tititi, umerundikana pale kwenye mkato. "Acheni."

Tukaacha. Moshi ukaendelea wenyewe.

Nililia, sitaficha. Mtoto akanishangaa, akachukua kisu mikononi mwangu kabla sijakitikisa, akamimina kaa kwenye nyasi, akapuliza yeye.

Jumamosi, siku ya sita

Nimejaribu peke yangu mara nne asubuhi, sikupata. Pamoja na mtoto tumepata mara mbili. Kwa skauti inanitosha, wao hawatembei mmoja mmoja.

Nimemuuliza mzee habari ya miti, nikiandika kila neno. Kijiti cha juu ni mkole, tawi lililoota limenyooka, umelimenya ganda na kulikausha kivulini. Cha chini ni mti wa jamii ya manemane, mwepesi, ambao ukiubonyeza kwa ukucha unaacha alama. Vyote viwili vikavu kabisa. Vijiti nilivyotumia Babati vilikuwa vya mpera na mwarobaini, nilivyookota tu. Mzee aliposikia mpera alitikisa kichwa na kusema, "Huo ni wa kula matunda yake."

Nimemwachia bibi blanketi langu. Yeye amenipa mti wangu wa kuchimbia niubebe, ingawa kondakta wa Karatu aliulalamikia njia nzima.

Jumanne, Babati

Leo baada ya vipindi nimekwenda na skauti sita hadi mtoni. Mkole tumeuona baada ya dakika kumi, na aliyeuona ni yule binti niliyempakata Kwaraa. Tumekata matawi matatu yaliyonyooka, tumeyamenya. Mti wa chini hatujaupata huku. Mzazi mmoja wa Magugu, kule kwenye joto, anasema anaujua na ataleta kipande siku ya gulio.

Matawi yapo darini juu ya jiko langu la kuni, nimeyafunga kwa ile kamba ya mkonge. Nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa.